"Mtoto Amenishinda": Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Kaunti ya Nakuru na wa Elimu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Nakuru, Waheshimiwa wawakilishi wadi, wakuu wa idara ya afya ya kaunti, na ninyi wa Wizara ya Elimu na Tume ya Huduma kwa Walimu mnaosimamia shule zetu.

Hamjambo.

Kuna sentensi ambayo nimeisikia maishani mwangu karibu mara nyingi kama salamu. Mama anaingia ofisini, anaketi kwenye ukingo wa kiti kana kwamba ataambiwa ainuke, anakunjakunja leso mapajani, halafu anasema: "Mwalimu, huyu mtoto amenishinda." Akina baba huisema wakiwa wamesimama, macho dirishani. Nimeisikia Njoro, nimeisikia Rongai, nimeisikia hapa mjini. Na mwaka 2018 niliisema mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama, macho dirishani, mbele ya mwalimu ambaye ningeweza kumzaa.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 27. Kwa miaka 14 kati ya hiyo nilikuwa pia mwalimu wa ushauri na unasaha, kazi ambayo hupewa mwalimu anayeonekana mpole, au mwalimu wa dini, au yule aliyechelewa kufika mkutanoni siku ya kugawana majukumu. (Mimi nilichelewa.) Sasa nimestaafu, naishi Kaptembwo, na asubuhi nyingi hunikuta barazani na gazeti. Sentensi ile bado inanifuata hadi hapo barazani. Majirani hawajasahau kwamba nilikuwa "mwalimu wa mambo ya watoto", na kwa kuwa hawaoni mahali pengine pa kwenda, wanakuja kwangu.

Hilo la kukosa pa kwenda ndilo lililonishikisha kalamu. Mzazi aliyeshindwa na mtoto atampata wa kumfukuza shule huyo mtoto, atampata wa kumtia ndani, atampata wa kumwombea, na akijitahidi sana atampata wa kumwandikia vidonge. Mtu wa kuiketisha familia nzima pamoja na kuisikiliza ni adimu kama mvua ya Januari.

Nianze na shule, maana huko ndiko nilikokula ugali wangu.

Chumba nilichopewa cha unasaha kilikuwa stoo. Upande mmoja majembe na jezi za timu ya kandanda, upande mwingine magunia ya mahindi, kwa sababu wazazi wengine walilipa karo kwa mazao. Ukuta haukufika darini, kwa hivyo mwanafunzi akilia humu, Kidato cha Kwanza upande wa pili wananyamaza wasikilize. Nilikuwa na vipindi 24 vya Kiswahili kwa wiki, na insha za kusahihisha zilizofika kiunoni. Unasaha niliufanya wakati wa mapumziko ya saa nne, kikombe cha chai mkononi, au saa kumi jioni wengine wakiwa uwanjani.

Wachache walikuja wenyewe, na hao walikuja kwa kujificha, wakidai wanarudisha kitabu. Wengi walitumwa na naibu wa mwalimu mkuu. "Nenda kwa mwalimu wa unasaha" ilitamkwa kwa sauti ileile ya "lala chini", na walioanza kazi zamani kama mimi wanakumbuka sauti hiyo, ingawa viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001. Wanafunzi walikiita chumba changu "korti ndogo". Hawakukosea. Mimi niliyewasikiliza Jumatano ndiye niliyeketi Ijumaa katika kamati ya nidhamu iliyoamua kama watabaki shuleni. Mtoto gani mwenye akili zake atamfungulia moyo hakimu wake?

Na hili si jipya. Ripoti ya Gachathi, ile ya kamati ya kitaifa ya elimu, ilipendekeza ushauri shuleni mwaka 1976. Mwaka 2001, baada ya wavulana 67 kuteketea bwenini Kyanguli kule Machakos kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao, jopo la serikali lililoongozwa na Wangai liliandika tena kwamba ushauri na unasaha uimarishwe. Mwaka 2016 shule zaidi ya 100 zikashika moto, nyingi katika muhula wa pili. Kila moshi umekuwa na tume yake, na kila tume imependekeza unasaha. Mimi nilikuwa huko ndani ya pendekezo lenyewe, nikihesabu majembe.

Sasa niseme ya kwangu. Shule sitaitaja, hospitali sitaitaja, maana sikuja kumshtaki mtu, na waliotuhudumia wengi walikuwa watu wema waliofungwa mikono.

Mwanangu wa pili alikuwa Kidato cha Tatu, shule ya bweni. Muhula wa pili ikaja simu: njoo umchukue mwanao. Alikuwa ametoroka mara mbili na sasa amepatikana na bangi. Nilipewa barua ya kumsimamisha kwa wiki mbili, na sharti kwamba akirudi aje na mzazi, salio la karo, na rimu ya karatasi. Hadi leo natamani kumjua aliyegundua kwamba rimu ya karatasi inatibu bangi.

Wiki mbili za kufanya nini? Barua haikusema. Alilala mchana kutwa, usiku akakesha na simu. Chakula alikiacha hadi mafuta yakaganda kwenye sahani. Mama yake alitaka aombewe, naye akaombewa, mara tatu, mara ya tatu kwa kelele zilizowatoa majirani nje. Mimi nikamhutubia. Nilimhutubia kwa methali, kama mwalimu wa Kiswahili nilivyo. Samaki mkunje angali mbichi. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nimezifundisha methali hizo miaka 27, nimezitungia maswali ya mtihani, na sikuwahi kuona kwamba zote zinamsemesha mkunjaji. Samaki haulizwi neno.

Kuna jamaa yetu askari ambaye alinishauri nimlete kijana kituoni, atiwe ndani siku mbili tu, atanyooka. Nakiri kwamba nililala na wazo hilo. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima. Nilikijua kifungu hicho. Lakini mzazi aliyechoka hasomi Katiba, na ninyi mnajua kwamba ombi la "mnitishie huyu kidogo" hufika vituoni kila wiki, kutoka kwa wazazi wanaowapenda watoto wao.

Jambo ambalo hakuna aliyeliuliza, mimi nikiwa wa kwanza, ni hili. Miezi minane kabla ya hiyo bangi, kaka yangu mkubwa alifariki. Kaka huyo ndiye aliyemlea mwanangu tangu darasa la pili hadi la saba, nilipokuwa nimehamishwa kwenda kufundisha mbali. Mwanangu alimzika mtu ambaye kwa vitendo ndiye aliyekuwa baba yake. Siku ya tatu baada ya mazishi nilimrudisha shuleni kwa sababu mtihani wa katikati ya muhula ulikuwa karibu. Mimi, mwalimu wa unasaha. Mganga hajigangi, sawa, lakini hata kuona sikuona.

Hatimaye tukaenda hospitali. Tulifika saa moja asubuhi. Kliniki ya akili ilikuwa ya watu wote kwa pamoja: mzee aliyeshikwa na wanawe wawili asikimbie, mwanamke aliyezungumza na ukuta, na kijana wangu wa miaka 17 aliyevuta kofia hadi machoni asije akaonwa na mtu wa mtaani kwetu. Tuliitwa saa saba mchana. Muuguzi alimwita kwa jina lake na kumuuliza kama amekula, na hilo sitalisahau. Daktari alikuwa na foleni hadi nje ya mlango. Alituuliza maswali manne, matatu akinitazama mimi. Tukaandikiwa vidonge na kuambiwa turudi baada ya mwezi. Mshauri nasaha? Yupo, Jumanne. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Kijana akaniambia tukiwa kwenye matatu kwamba yeye si mwendawazimu na harudi pale, na kweli hakurudi.

Tulichopata mwishowe tulikipata kwa bahati, na bahati si sera. Mama mmoja jirani, muuza mboga, alikuwa amepitia mafunzo ya ushauri nasaha kupitia kanisa lake. Alikuja kwetu Jumapili jioni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kusogeza viti. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu cha siku zote, kile kinachotazama mlango, na kijana kwenye stuli. Akatuomba tukae duara, wote watatu, viti vya kimo kimoja. Hakuuliza nani kakosa. Aliuliza: siku ambayo nyumba hii haina ugomvi, huwa imeanzaje asubuhi? Tulinyamaza muda mrefu. Kisha mwanangu akasema, "Siku ambayo Baba anabisha mlango kabla ya kuingia."

Tulikaa vikao sita. Katika cha tatu jina la marehemu kaka yangu lilitajwa, na mimi ndiye niliyelia kwanza. Sitawadanganya kwamba kila kitu kilinyooka. Alirudia darasa, alimaliza kwa alama za kawaida, leo ni fundi wa pikipiki na bado tunapishana maneno. Lakini hupiga simu akichelewa. Nami hubisha mlango.

Nimeieleza hadithi hii kwa urefu kwa sababu tatizo mnaloliona kwa mtoto, nusu yake hukaa kwa watu wazima wanaoishi naye. Ukimpa mtoto dawa, au hotuba, au kiboko, kisha ukamrudisha katika nyumba ileile yenye viti vilevile, umefanya kazi ya kufuta maji huku bomba linavuja.

Na sisi wazazi wa kaunti hii tuna yetu. Wengi wanaolea vijana leo walikuwa vijana wenyewe mwanzoni mwa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Wapo walioishi kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho hapa Nakuru, wakiwa na miaka 15, baada ya kuona nyumba zao zikiwaka na majirani wakigeuka. Walipewa unga na blanketi. Mazungumzo yakaachiwa muda. Sasa mtu huyo ana mtoto wa miaka 15, na mtoto akipandisha sauti, mzazi anasikia kitu kingine kabisa, kitu cha zamani, na mkono unaruka kabla ya akili. Nimeketi na baba wa aina hiyo. Alisema, "Mwalimu, mimi umri wake nilikuwa nabeba maiti." Mtoto wake alikuwa hajawahi kuisikia habari hiyo. Aliisikia pale kwangu, barazani, na ndiyo siku ya kwanza niliyomwona akimtazama baba yake usoni.

Mtaniambia hakuna fedha wala wataalamu. La wataalamu nakubali nusu. Madaktari wa akili ni wachache, na wengi wako Nairobi. Hata hivyo kazi ninayoisema haihitaji daktari katika kila kikao. Eldoret, si mbali na hapa, watafiti wakishirikiana na hospitali ya Moi walijaribu mpango unaoitwa Tuko Pamoja. Watu wa kawaida wa mtaani, wasio na shahada za saikolojia, walifunzwa kuendesha vikao na familia zenye migogoro, wakisimamiwa na wenye ujuzi zaidi. Walichofunzwa kinafanana sana na alichokifanya yule muuza mboga: kuitazama familia kama mwili mmoja, na kutafuta siku nzuri imeanzaje. Familia zilizopitia vikao ziliripoti nafuu, wazazi na watoto. Muhoroni nako, katika Kaunti ya Kisumu, kazi kama hiyo ya kuwakutanisha wazazi na vijana iliwahi kufanywa kupitia makanisa.

Kwa upande wa shule kuna mpango unaoitwa Shamiri. Vijana waliomaliza sekondari juzi tu, wa miaka 18 hadi 22, hufunzwa kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne, saa moja kila wiki. Matokeo ya jaribio moja la wanafunzi 413 yalichapishwa mwaka 2021, na dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliopitia vipindi hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Vipindi vinne! Mimi nilikuwa na miaka 14 na majembe.

Ukubwa wa shida nao umepimwa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya akili ya vijana baleghe uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya vijana wanne kati ya kumi nchini walikuwa wamepata shida ya afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia, na takriban asilimia 12 walitimiza vigezo vya ugonjwa. Chukueni darasa la wanafunzi 50. Sita kati yao ni wagonjwa, wamekaa pale, wanaandika insha ya "Siku nitakayoikumbuka".

La fedha ndilo linalonirudisha kwenu, Mheshimiwa Gavana na wawakilishi wadi. Mwaka 2020 jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikafanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa jukumu la kutoa huduma hizi karibu na wananchi na kuzitengea fedha katika bajeti zao. Kwa hivyo siombi hisani. Naomba mstari. Mstari mmoja kwenye makadirio, wenye jina lake, ambao mwananchi anaweza kuuonyesha kwa kidole na kuuliza umetumikaje. Huduma ya akili ikifichwa ndani ya "huduma nyingine za tiba", italiwa na petroli ya magari.

Najua nanyi mnajua jinsi vikao vya kukusanya maoni ya wananchi vinavyokwenda. Tunaomba lami, tunaomba mulika mwizi, zile taa ndefu za mtaani, tunaomba basari. Mimi mwenyewe nimesimama nikaomba mulika mwizi. Hakuna anayesimama mbele ya jirani zake kuomba mshauri wa mtoto wake, kwa sababu kuomba ni kukiri. Kimya hicho msikisome kama kutohitaji.

Ningekuwa mimi, ningeanza na chumba. Kaunti hii ina kaunti ndogo 11. Chumba kimoja katika kila moja, kwenye kituo cha afya kilichopo tayari, chenye mlango wake wa pembeni usiopitia foleni ya kliniki ya akili, na kibao kisichosema "akili". Andikeni "Vijana na Familia", inatosha. Viti vya kimo kimoja. Na saa zake zifuate maisha ya watu. Mama anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua Naivasha hawezi kuja saa nne asubuhi siku ya Jumanne, hasa Januari kuelekea Siku ya Wapendanao wakati maua yanakatwa usiku na mchana. Mchuma chai wa Kuresoi hawezi kulipa nauli hadi mjini mara sita, yeye, mume na mtoto. Fungueni jioni na Jumamosi, hata kama ni siku mbili tu kwa wiki. Kliniki ya Jumanne tumeshaiona.

Ndani ya chumba hicho, mshauri mmoja aliyesomea na kusajiliwa. Yeye peke yake hatatosha, na hapo ndipo napendekeza muwatumie wahudumu wa afya ya jamii. Wako zaidi ya 100,000 nchini tangu walipozinduliwa Septemba 2023, wanaingia majumbani, wanapewa posho ya Sh5,000 ambayo nusu yake ni yenu. Tayari wanapima presha. Wafunzwe kusikia. Wafunzwe kwamba katika mitaa yetu hakuna anayesema "nina sonona", yaani ule ugonjwa wa huzuni. Neno hilo nimelifundisha darasani na sikuwahi kulisikia Kaptembwo wala Rhonda. Watu husema roho imechoka, kichwa kinaniuma kila siku, mtoto amekuwa mkali, mtoto amekuwa kimya. Huyo wa kimya ndiye anayesahaulika, na mara nyingi ni msichana. Mvulana akivunja dirisha anapata kamati ya nidhamu kesho yake. Msichana aliyeacha kula anasifiwa kwa utulivu.

Wale watakaofunzwa wajue pia mahali kazi yao inapoishia. Kijana anayezungumza kuhusu kufa, au anayejiumiza, au anayesikia sauti, ni wa kufikishwa kwa daktari siku hiyohiyo, na njia ya kumfikisha iwe imechorwa mapema, si simu za kutafutana. Hapa kuna jambo ninalowaomba mlitangaze kwa sauti: tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kwa miaka mingi familia zilificha tukio kama hilo zikiogopa polisi, zikamwambia daktari kwamba mtoto ameanguka. Nendeni kwa machifu, nendeni kwenye vituo vya afya, waambieni watu kwamba mtoto wa aina hiyo anakuja hospitalini kama mgonjwa. Na nambari 116, ile ya bure ya kuwasaidia watoto, ichorwe kwenye kuta za shule kwa herufi kubwa kama ile kaulimbiu ya shule inayoandikwa getini.

Kwenu wa elimu nina mawili, na nitakuwa mfupi kwa sababu mmeambiwa tangu 1976. Mwalimu wa unasaha apunguziwe vipindi, na asiketi kamwe katika kamati ya nidhamu. Hilo la pili halina gharama hata shilingi moja. Linahitaji waraka wa ukurasa mmoja. Tena walimu wakome kusimuliana habari za chumba kile wakinywa chai. Nimekaa kwenye ofisi za walimu, najua habari ya mtoto husafiri haraka kuliko mandazi.

La pili ni hizi barua za kumsimamisha mtoto. Sisemi zifutwe. Kuna siku shule nzima inahitaji kupumua. Ila mtoto asirudishwe nyumbani bila watu kuketi naye na wazazi wake, hata nusu saa, kumuuliza mwaka wake umekuwaje. Barua iseme wiki mbili hizo ni za nini, na imtaje mtu wa kumwona: jina, chumba, siku, saa. Mwalimu mmoja angeniuliza mwaka 2018, "Mzee, nyumbani kumetokea nini?", ningemjibu palepale mlangoni. Jibu nilikuwa nalo. Badala yake nilikwenda kutafuta rimu.

Kuhusu kuombea, nisieleweke vibaya. Viongozi wa dini ndio wa kwanza kuitwa katika nyumba nyingi, na yule muuza mboga alifunzwa kanisani. Waiteni maimamu na wachungaji kwenye mafunzo hayohayo. Mchungaji anayejua kusema "tutaomba, na kesho nitawasindikiza kituo cha afya" ana thamani ya kliniki mbili. Yule anayemwambia mtoto ana pepo mbele ya waumini 200, huyo pia mumwite, mketi naye.

Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bungeni kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo mtatuita kutoa maoni. Safari hii nitakuja. Sitaomba mulika mwizi. Nimezungumza na wazazi wanane wa mtaani kwetu, wanne wamesema watasimama, wengine wataketi tu nyuma na hiyo pia naihesabu. Mwanangu nilimsomea barua hii jana jioni kabla ya kuituma, kwa kuwa ndani yake yumo. Alinitaka nifute sehemu moja, nimeifuta. Kisha akauliza mkutano utakuwa siku gani, maana Jumamosi gereji huwa na kazi nyingi. Ikiwezekana, uwe siku nyingine.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na mzazi,
Kaptembwo, Nakuru